Siku Nilipong'arisha Jukwaa la Baleti

Sijapata kuona mtu wa kunishinda kung'arisha sakafu, na nasema hivyo bila haya. Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mtunzaji wa ukumbi mmoja wa wazungu pale Nakuru, na kazi hiyo niliifanya kwa miguu. Unapaka polishi ukiwa umepiga magoti, unaiacha mbao ziinywe, halafu unajifunga matambara ya blanketi miguuni na kuanza kuteleza, mguu huu mbele, mguu ule nyuma, huku unaimba kidogo, mpaka sakafu ikuonyeshe meno yako mwenyewe. Mtu angenichungulia dirishani angedhani nimelewa. Shauri yake.

Mahali pamoja tu palinikera, napo ni jukwaani. Huko hakukuwa na ruhusa ya kupaka kitu. Palikuwa pamefifia, pana vumbi, utafikiri ni ghala la mahindi.

Jukwaa hilo lilikuwa la kikundi cha baleti. Wasichana kumi na wawili hivi, wengine mabinti wa wenye mashamba ya Njoro na Ndabibi, wengine makarani wa afisi za mjini. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja wa Kiingereza, mwembamba, mwenye fimbo ya kugonga mapigo. Walikuja kila Jumanne na Alhamisi alasiri. Watu waliokaa vitini waliwaona wakielea tu. Mimi niliwaona nyuma ya pazia, wakivua vile viatu vya hariri na kupepea vidole vilivyochubuka, wakijifunga pamba, wakinuka dawa ya kuchua misuli kama farasi wa mashindano. Na njaa! Nikichoma mahindi uani walinimalizia yote, halafu wakaambiana wasimwambie mwalimu.

Aliyecheza mbele ya wenzake alikuwa binti wa shamba la ng'ombe huko Njoro. Alilelewa na yaya, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha karani wa posta. Miguu yake ilikuwa hodari, lakini kichwa, ole wake! Alisahau hatua kila mara. Mimi kwa kufagia pembeni siku zote nilikuwa nimeishika ngoma yao yote, mwanzo hadi mwisho. Basi akipotea alinitupia jicho nyuma ya pazia, nami namwonyesha kwa ufagio: kushoto, kushoto, zunguka, ruka. Mwalimu hakujua kamwe. Alimsifu kwamba siku hizi ana kumbukumbu nzuri.

Sasa, mwaka huo mke wangu alikuwa amejifungua kifungua mimba wetu nyumbani. Mtoto alikuwa na miezi minne, na mimi baba yake sikuwa nimemtia machoni. Kwa muda mrefu nililala na wanaume wengine watano katika chumba kimoja kule lokesheni, mtaa wa Waafrika. Halafu kamati ya ukumbi ikanipa chumba cha uani, cha peke yangu, chenye dirisha. Nilikaribia kulia. Nikamwandikia mke wangu aje na mtoto, nikamweleza kwamba mimi sasa ni mkubwa wa ukumbi. Akajibu kwamba atapanda treni ya kutoka Kisumu, na atafika Jumamosi saa saba mchana.

Katibu wa kamati, mzee wa masharubu aliyestaafu jeshini, alinipa ufunguo kwa onyo. "Chumba ni cha kazi," alisema. "Haribu kazi, chumba hakuna." Na miaka ile Mwafrika asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kuonekana mjini. Ningemrudisha mke wangu kwenye treni ile ile aliyokuja nayo.

Jumamosi hiyo hiyo ndiyo siku ambayo baleti ilipangwa kuonyeshwa, saa kumi alasiri. Mwalimu aliniambia Alhamisi, tena akainua kidole: "Jukwaa hapana gusa. Futa na kitambaa kavu tu."

Nikasema ndiyo memsahib. Moyoni nikamwonea huruma. Maskini, nilijiambia, hajui uzuri. Watu watoke hata Gilgil na nguo zao za maana, waje kutazama mbao zilizopauka? Na mke wangu je, nikimpitisha hapo nimwonyeshe kazi yangu? Ng'o! Ijumaa nzima nilikuwa jukwaani. Pembeni palikuwa na kisanduku chenye unga wa manjano, ambacho sikuwahi kuuliza kazi yake, na unga huo umetapakaa sakafuni. Nikaona uchafu gani huu, nikaufagia wote na kisanduku nikakitupa stoo. Kisha nikapaka polishi mara mbili. Nikajifunga matambara, nikateleza mpaka mapaja yakaniuma. Nilipomaliza, jukwaa liling'aa hata pazia likajiona. Nililala kwa furaha.

Jumamosi saa tatu asubuhi wakaja kufanya zoezi la mwisho, wamevaa zile sketi zao ngumu zilizosimama kiunoni. Nikasimama pembeni na ufagio wangu kungoja sifa. Piano ikalia. Binti wa Njoro akatoka mbio, akaruka, akatua, na hakusimama. Alipita mbele yangu ameketi, akaingia chini ya pazia la upande wa pili, akatoweka. Wanne waliomfuata, waliokuwa wacheze kama mawingu, walishikana mikono, kwa hiyo walianguka wote kwa pamoja.

Halafu kutoka nyuma ya pazia nikasikia sauti ya binti wa Njoro: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mzee, hapa guu ni langu!"

Wasichana wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliinama, akapitisha kidole sakafuni, akakinusa. Uso ulimgeuka. Akaketi juu ya ndoo yangu, fimbo ikamponyoka, akasema polepole, "Saa kumi watu nakuja. Hawa watoto navunja miguu."

Jamani, hapo ndipo nilipoelewa. Ule unga wa manjano ulikuwa utomvu wa mti uliosagwa, wa kukanyaga ili viatu vishike. Mimi nilikuwa nimefagia kinga yao, kisha nikawapakia utelezi. Nilijisikia mjinga, mjinga kabisa, na chumba changu nilikiona kinaondoka na dirisha lake.

"Memsahib, ni mimi," nikasema. "Nipe mpaka saa nane."

Nikatimua mbio hadi duka la Mhindi, nikarudi na mfuko wa magadi, yale tunayolainishia mboga. Kwetu mama yangu alitoa mafuta kwenye meza kwa magadi na maji moto, na nikafikiri polishi nayo si mafuta tu? Nikawasha moto uani, nikateleka madebe mawili. Jukwaa lile lilikuwa pana, na mikono yangu miwili tu. Binti wa Njoro akatazama saa ukutani, akachukua brashi, akapiga magoti. "Haya, sogea," akaniambia. Wenzake wakamfuata na sketi zao za kitambaa cha wavu, wengine wanasugua, wengine wanakausha. Tukaimba na kusugua, huku mapovu yanageuka rangi ya kahawa.

Saa sita katibu akaingia.

Alichokiona ni wasichana kumi na wawili wa kizungu wamepiga magoti wakiosha sakafu, na mimi katikati yao nimeshika debe nikiwaambia, "Hapo bado, hapo bado!" Masharubu yalisimama. Binti wa Njoro alianza kumweleza jambo kwa Kiingereza, haraka haraka, lakini mzee alinyoosha mkono kwangu. "Ufunguo," akasema. Nikautoa mfukoni. Nikampa. "Jioni toa vitu vyako."

Nikarudi kusugua. Ningefanya nini? Saa saba treni ikapiga honi kule stesheni, nikaisikia vizuri kabisa. Nilijua mke wangu anashuka na mtoto, anageuza shingo kunitafuta, na mimi niko magotini. Machozi yalinitoka, nikasingizia magadi.

Tukafungua milango yote, upepo ukakausha. Mbao zikarudi na sura yao ile ile iliyopauka. Nikaleta kisanduku kutoka stoo, tukaunyunyiza ule unga. Saa nane kamili mwalimu akapanda jukwaani, akatazama, akarudi nyuma. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuruka. Mguu ukivunjika, basi. Katibu naye alikuwa amesimama chini, mikono nyuma, anangoja kuona.

"Nitaruka mimi," nikasema.

"Wewe?" mwalimu akauliza.

"Mimi ndiye niliyeharibu."

Binti wa Njoro akamfanyia ishara yule wa piano. Mimi nikavua viatu vyangu vya tairi la gari, nikapandisha kaptura, nikakanyaga unga. Sikufikiria. Nikatoka mbio kama alivyotoka yeye: kushoto, kushoto, zunguka, ruka! Nikatua. Ubao ukanishika. Nikaona raha, haki ya Mungu, nikaendelea. Nikacheza sehemu yake yote, mikono juu, kidole cha mguu mbele, na wale mawingu wanne wakaingia nyuma yangu bila kuambiwa, na hakuna aliyeteleza. Mwalimu akaiokota fimbo yake, akaanza kugonga mapigo. Kisha nikamsikia akisema, "Kumbe wewe ndiyo kumbukumbu yake!"

Nikamaliza kwa goti moja chini na mikono imetandazwa kuelekea mlangoni. Na mlangoni alikuwa amesimama mke wangu, mzigo kichwani, mtoto mgongoni.

Baadaye alinieleza kwamba aliponikosa stesheni alimuuliza hamali njia ya kwenda kwenye ukumbi wa wazungu wanaoruka, naye akamwelekeza. Wakati ule hakueleza kitu. Alinitazama kwanza mimi, akatazama wasichana, akanitazama tena miguu.

"Baba mtoto," akasema, "ndiyo huu ukubwa ulioniandikia?"

Wasichana waliojua Kiswahili waliangua kicheko, wakawatafsiria wengine, kicheko kikaanza upya. Hata mwalimu. Nikageuka kwa hofu kumtazama katibu. Masharubu yalikuwa yanacheza. Alikaza uso, ukamshinda. Akapanda jukwaani na buti zake, akakanyaga huku na huku, akapiga kisigino mara mbili. Hakuteleza. Akashuka, akatembea mpaka mlangoni, akatoa ufunguo, akamkabidhi mke wangu.

"Mama, hii shika wewe," akasema. "Polishi nitaweka mimi afisini."

Mke wangu akaupokea kwa mikono miwili ingawa hakujua habari yake. Mimi nilijua, nikashuka jukwaani mbio kumtua mzigo.

Alasiri hiyo walicheza vizuri, na binti wa Njoro alisahau mara moja tu. Lakini kabla ya hapo niliwapeleka wageni wangu uani, na njiani nikamsimulia mke wangu habari yote ya polishi na magadi. Mke wangu akafungua mlango. Sakafu ya chumba ilikuwa ya saruji, na ilikuwa inang'aa, kwa sababu nilikuwa nimeipaka polishi wiki nzima kwa ajili yao. Akaitazama, akaijaribu kwa mguu, ukateleza. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akanipa nimshike, mara ya kwanza, mzito, ana joto, ananitolea macho.

"Kaa naye hapo nje kwanza," akaniambia, akavua viatu. "Magadi yamebaki?"