Bendi ya Waskochi Jikoni kwa Mama

Majuzi nilisimama kwenye foleni nje ya ukumbi mmoja hapa London, nikingoja kuiona bendi ya roki kutoka Uskochi ambayo wanamuziki wake sasa wana mvi. Walikuwa wametangaza kwamba wataipiga albamu yao ya zamani yote, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nyuma yangu vijana wawili walikuwa wakibishana. Mmoja alisema albamu ile imetulia, haina kasoro, na jukwaani wanaikimbiza mpaka wanaiharibu. Mwenzake akamwambia hajui muziki, kwamba wimbo hauwi wimbo mpaka uimbwe na watu wanaotokwa jasho. Nilitaka kugeuka niseme neno, lakini sikugeuka. Mabishano hayohayo niliyasikia nikiwa mtoto, tena kwa Kiswahili, jikoni kwa mama yangu kule Barking, mashariki mwa London.

Acha nikueleze ilivyokuwa.

Tulikaa kwenye nyumba ya matofali iliyoshikana ukuta na ya jirani, mama na mimi. Mama alikuwa nesi. Baba alikwenda zake nikiwa mchanga na sina mengi ya kusema juu yake. Nilipokuwa na miaka minane hivi, mdogo wake mama alikuja kutoka Kaloleni, pwani ya Kenya, kusoma mambo ya kompyuta, akapewa kile chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa na masanduku na meza ya kupigia pasi. Mjomba alikuja na sanduku moja, na ndani ya sanduku hilo, katikati ya nguo, alikuwa amefungasha mbuzi ya kukunia nazi. Mama alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Alimwambia huku nazi zinauzwa ndani ya mikebe. Mjomba akajibu kwamba hakusafiri mwendo wote ule aje kula mikebe.

Basi kila Jumamosi alininunulia nazi sokoni, nami nikawa mkunaji. Nilikalia mbuzi ile nimekunja magoti, sahani chini, nikikuna kwa ajili ya mbaazi za Jumapili, huku mama akikanda unga wa mahamri na kuweka iliki nyingi kupita kiasi. Dirisha la jikoni lilijaa mvuke mpaka usione nje. Mjomba ndiye aliyekuja kunichukua shuleni siku mama yuko zamu, ndiye aliyenisuka nywele zikaenda upande, ndiye aliyenifundisha kusema shikamoo kwa simu bila kuona haya.

Upande wa pili wa ukuta aliishi mama mmoja Mskochi, dereva wa basi, mrefu, mwenye sauti iliyotoka kifuani. Jumamosi akiwa hana kazi alipiga muziki. Ulipita ukutani hadi chumba cha mjomba, magitaa, ngoma, na sauti ya mwanamume aliyeimba kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Mjomba alilala chali akisikiliza, na mimi nilikaa mlangoni nikimwangalia. Siku moja muziki ulipungua ghafla katikati. Mjomba akainuka, akagonga ukuta.

Yule mama alikuja mlangoni kwetu uso umemwiva, akaanza kuomba radhi kwa kelele.

"Hapana," mjomba alimwambia. "Nilikuwa naomba uongeze. Ule wimbo wa sita kila ukianza unapunguza."

Yule mama aligeuka akarudi kwake. Kisha akaja tena na sidi ya albamu ile mkononi na chupa ya maziwa kwa ajili ya chai. Hivyo ndivyo alivyoingia kwetu, na hakutoka tena kwa miaka.

Mama alimpenda tangu siku ile lakini hakumwelewa hata kidogo. Aliniuliza pembeni, "Huyu anti anaongea Kiingereza cha wapi?" Ikawa kazi yangu kukaa katikati yao nikitafsiri.

Wimbo ule wa sita ulimhusu mtu wa mji mdogo ambao kiwanda chake kimefungwa, naye kila alfajiri anaamka na kwenda kusimama getini. Mjomba alisema anamjua mtu huyo. Babu yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha korosho, na kilipofungwa aliendelea kufua sare yake ya kazi kila mwisho wa wiki na kuianika uani, mwaka baada ya mwaka, mpaka kitambaa kikachanika chenyewe. "Hawa Waskochi walimwona wapi baba?" mjomba aliuliza, na mama akaendelea kugeuza mahamri kwenye mafuta. Macho yake yalikuwa ndani ya karai.

Wa tatu wao alipatikana kwenye foleni. Jirani alimpeleka mjomba kwenye shoo yake ya kwanza ya bendi ile, siku ya baridi kali, nao wakasubiri nje muda mrefu. Mjomba akajisemea kwa Kiswahili, "Baridi hii itatuua."

Mzee wa Kihindi aliyekuwa mbele yake hata hakugeuka. Alisema, "Itaua wewe. Mimi nimevaa sweta mbili."

Alikuwa amezaliwa Kisumu na alikuwa na duka la vifaa vya umeme huko Queensbury, upande wa pili wa London. Alikuwa ameipenda bendi ile tangu ujana, na mkewe na watoto wake hawakutaka kuisikia nyumbani. Jumapili iliyofuata alipanda treni akaja Barking na mfuko wa chevda, vile vitafunio vya Kihindi vyenye pilipili, akavua viatu mlangoni, akaketi jikoni kana kwamba kiti kile kilikuwa kikimngoja. Akawa anakuja karibu kila Jumapili, sisi tukitoka kanisani.

Natamani ungewasikia. Mzee wa Queensbury alishika upande wa albamu. "Hii kitu iko sawa kabisa," alikuwa akisema, akigonga meza kwa kidole. "Wamekaa studio, wamefikiria, wamepanga. Jukwaani ni kelele tu. Yule mwimbaji anakimbia kama ameacha maziwa kwa jiko." Jirani alishika shoo. Alisema mtu aliyeijua albamu tu ni sawa na mtu aliyeoa kwa barua. Mimi nilitafsiri hayo kwa mama, na mama akasema wapo walioolewa kwa barua na ndoa zao zinadumu, wote wakacheka. Mjomba hakuwa na upande. Leo alimwunga mkono huyu, wiki ijayo yule, ili mabishano yasiishe. Walipofika kwenye wimbo wa sita waliacha kubishana, wakasikiliza, chai zikapoa.

Mambo ya mjomba yaliharibika polepole, na mimi mtoto sikuona. Chuo alichosomea kilifungwa, na viza yake ilitegemea chuo hicho. Aliomba kibali kingine, akangojeshwa. Wakati anangoja alitakiwa kwenda kuripoti Croydon, kwenye ile ofisi kubwa ya uhamiaji. Nilichojua mimi ni kwamba siku za Croydon alivaa shati jeupe na hakula asubuhi, na akirudi aliniletea chokoleti akaongea sana.

Mwaka ule bendi ilitangaza kwamba itaipiga albamu yote London. Mjomba alipata tiketi nne, na moja ilikuwa yangu. Ilikuwa shoo yangu ya kwanza. Nililala na ile tiketi chini ya mto mpaka ikapinda. Jirani alinifundisha mahali pa kupiga makofi na mahali pa kunyamaza. Mzee aliniletea pamba za masikio, akaniambia nisione haya kuzitumia.

Siku ya Croydon ikaangukia wiki hiyohiyo ya shoo. Mjomba alivaa shati lake jeupe, akanipeleka shule kwanza, akaniambia jioni tutakuna nazi hata kama si Jumamosi. Saa ya kutoka sikumkuta getini. Alikuja jirani, bado amevaa sare ya basi, akanishika mkono njia nzima. Nyumbani mama alikuwa amekaa kwenye ngazi na koti lake, simu mapajani. Walikuwa wamemzuia mjomba huko Croydon.

Wote walihangaika. Jirani alizunguka kwa mawakili. Mzee wa Queensbury aliandika barua ya kumdhamini, akasimama dukani kwake akiwaomba wateja wenye vyeo waweke sahihi. Mama alikwenda kumwona kizuizini, akarudi na maneno yake. Alikuwa amesema, "Dada, mpwa wangu aende kwenye shoo. Asipokwenda nitakuwa nimefungiwa mara mbili."

Tukaenda watatu. Nakumbuka jinsi watu walivyokuwa warefu, harufu ya bia na ya makoti yaliyoloa mvua, na ngoma ya kwanza ilivyonipiga tumboni. Jirani alinibeba juu ya mabega yake ingawa nilishakuwa mkubwa. Kando yetu mzee aliacha nafasi ya mtu mmoja. Watu walijaribu kujipenyeza hapo na yeye akawaambia kwa upole kwamba pana mwenyewe.

Huko kizuizini walimruhusu mjomba simu ndogo isiyo na kamera. Wimbo wa tano ulipokuwa unaisha, jirani alimpigia, akanipa simu, nikaiinua juu kwa mikono miwili kadiri nilivyoweza. Wimbo wa sita ukaanza. Ukumbi mzima uliimba. Nilitazama chini nikamwona mzee wa Queensbury, yule aliyesema jukwaani ni kelele tu, ameziba macho kwa kiganja na midomo inaenda. Mikono iliniuma lakini sikuishusha.

Wimbo ulipokwisha niliweka simu sikioni, nikaziba sikio la pili.

"Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia watu, mpwa wangu. Gitaa halikufika. Watu ndio nimewasikia. Walikuwa wengi?"

"Wengi sana."

"Basi anti yako ameshinda. Lakini usimwambie mzee."

Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kusikia sauti yake akiwa katika nchi moja na mimi. Siku chache baadaye walimpandisha ndege.

Jumapili iliyofuata mzee alikuja kama kawaida. Alikaa na koti lake mwilini. Jirani alikaa akakunja mikono, akalia bila sauti, na mama akampakulia mbaazi akazisogeza mbele yake mara mbili. Sidi ilikuwa pale juu ya friji. Hakuna aliyenyoosha mkono kuichukua.

Tulijaribu. Miezi mingi tuliweka simu katikati ya meza, tukampigia Mombasa, wakabishana kwa simu. Mtandao ulikatika katikati ya sentensi, wakapiga tena, wakasahau walipoishia. Aliomba viza akanyimwa, akaomba tena akanyimwa. Alifungua kibanda cha kutengeneza simu Mtwapa. Simu za Jumapili zikawa za Jumapili moja moja, kisha za Krismasi. Mimi nikawa msichana mkubwa mwenye mambo yake, nikaolewa, nikazaa.

Mjomba alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa figo. Mama na mimi tulikwenda kuzika. Pale Mtwapa tuliuliza kibanda chake kilikuwa wapi, na watu hawakulijua jina tulilotaja. Mwishowe mama mmoja muuza viazi karai akasema, "Ah, mnamtafuta Mskochi." Ndivyo walivyomwita mtaani. Alikuwa akipiga muziki ule kutwa, alisema, mpaka yeye muuza viazi mwenyewe alijua ni wimbo gani unafuata. Mama alinishika bega. Miaka yote London watu walimwuliza anatoka wapi, na nyumbani kwao wakampa nchi isiyokuwa yake.

Jirani alirudi Uskochi alipostaafu. Kumbukumbu zimemtoka, dadake anamtunza, na nikipiga simu jirani huyo ananisalimia kwa heshima kama mtu asiyenijua. Mzee wa Queensbury yupo, ingawa duka ameshamwachia mwanawe. Nilimpigia kumwalika kwenye shoo hii ya majuzi. Akasema, "Hapana, mama. Ile siku nililinda nafasi moja. Sasa nitalinda ngapi? Nenda wewe."

Nikaenda peke yangu. Binti yangu anaelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza. Nilipomsimulia habari za mjomba aliniuliza kwa nini hakurudi tu London. Nyumba zetu za Barking zimebomolewa. Nilipita pale kabla ya shoo, nikakuta uzio wa mbao na mitambo, na picha kubwa ya ghorofa zitakazojengwa, zenye miti na watu wanaotabasamu. Nilijaribu kukisia jikoni ilikuwa usawa gani, sikuweza.

Albamu ninayo kwenye simu, naweza kuisikiliza nikiosha vyombo. Bendi bado ipo na inapiga vizuri. Kilichopotea ni watu watatu waliojua kutokukubaliana juu yake huku mahamri yanaiva, na lugha waliyotumia kufanya hivyo, Kiswahili cha Kaloleni na cha Kisumu na Kiingereza cha Uskochi vimechanganywa kwenye meza moja. Hakiko kwenye sidi yoyote. Hata wale vijana wawili kwenye foleni, ningegeuka, ningewaambia nini?

Kesho yake nilikwenda kumwona mama. Amezeeka, anatembea akishika kuta. Hakuwahi kuipenda bendi ile, muziki wake ni wa kwaya. Alikuwa anachagua mchele kwenye sinia. Aliniuliza bila kuinua macho, "Walipiga vizuri?"

Nikamwambia walipiga vizuri sana.

Mama akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Ndugu yangu angesema hapana," alisema. "Angesema hapana, ili ukae mbishane."