Mama Vioo na Gari la Mumewe

Mtaani walimwita Mama Vioo, ingawa kwa haki fundi vioo alikuwa mumewe. Yeye alianza kwa kushika tu. Mume akipima dirisha, yeye anashika ncha ya pili ya utepe; mume akikata, yeye anashika kioo kisiyumbe. Kushika kwa miaka mingi kulimfundisha kazi yote. Kwa hiyo mume alipopigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala, mke aliitoa almasi ya kukatia kioo kwenye mfuko wa shati la mumewe, akaenda kumalizia dirisha lililokuwa limeachwa wazi nyumbani kwa watu, maana mvua ilikuwa imeshaanza kunukia.

Kukata kioo aliweza. Kilichomtoa jasho ni gari.

Lilikuwa gari la mizigo la petroli, lililofunikwa nyuma, lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Mume alilinunua likiwa tayari limechoka. Ndani alilijengea fremu ya mbao, akaivisha vipande vya zulia kuukuu, ili vioo visimame wima bila kugongana. Akiliendesha yeye, lilimtii. Akishika usukani mkewe, lilizima kwenye taa za barabarani, lilizima mlimani, lilizima hata getini kwa mteja likaziba njia, mwenye nyumba akashindwa kutoka kwenda kazini. Leo klachi, kesho radieta inachemka kama sufuria ya maharage.

Likizima, alimpigia mumewe simu. Huyu ni mtu aliyekaa kutwa dirishani akitazama ukuta wa jirani, aliyevalishwa shati kama mtoto na kufutwa mdomo akimaliza kula. Lakini akisikia tu neno "limezima", sauti yake ya zamani ilirudi.

"Weka simu karibu na injini. Washa. Washa tena. Basi, nimesikia."

Kisha alimwelekeza: fungua boneti, gusa hiki, kaza kile, usiguse kile kingine, kina moto. Mara nyingi alipatia. Jioni alimsimulia kila aliyepita kusalimia jinsi gari lilivyotaka kuwatoa roho na jinsi alivyolishika sikio akiwa kitini. Siku hizo alikula vizuri. Siku ambazo gari lilikwenda na kurudi salama, alijibu salamu kwa kichwa na kuomba alazwe mapema.

Dada mdogo wa Mama Vioo, ambaye ndiye aliyembebea ncha ya pili ya kioo sasa, alimwambia bila kuzunguka kwamba wauze lile kopo na kukodi pikapu kila wanapopata kazi. Mama Vioo alikubali kwa moyo wote. Alipofika nyumbani na kumkuta mumewe ameinua shingo, akitaka kujua kama gia ya pili bado inagoma, hakulitaja la kuuza. Akakaa pembeni yake, akamweleza habari za gia ya pili.

Siku moja walikuwa wanapeleka kioo kikubwa cha mbele ya duka la vitambaa. Katikati ya mlima gari likafa kabisa. Mdogo wake akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Mama Vioo akapiga simu, mume akasikiliza, akaelekeza. Halikuwaka. Akaelekeza tena. Jua lilikuwa kali, magari nyuma yanapiga honi, na mwenye duka alikuwa ameshang'oa kioo cha zamani, vitambaa vyake viko nje kwa macho ya wote. Mwishowe Mama Vioo akasema mtandao unasumbua, akakata simu, akampigia dereva wa pikapu.

Dereva huyo aliitwa Kimya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiwa kimya. Alifika akiongea, akasaidia kuhamisha kioo akiongea, na wakati wanawake wawili wanapaka gundi na kukipachika, yeye alikuwa bado anaongea na mwenye duka. Kazi ilipoisha alilivuta gari hadi gereji.

Nyumbani mume alikuwa ameegemea dirishani akisubiri. "Ulikuwa waya wa starta," alisema, "au siyo?"

Haukuwa waya wa starta, na gari lilikuwa limelazwa gereji. Mama Vioo alichoka hadi mifupa. "Ndiyo," akasema. "Ulipatia. Nimeliacha gereji wasafishe tu." Mdogo wake aliinama akajishughulisha na kamba za viatu vyake.

Uongo huo ulizaa mwingine. Gari lilitoka gereji, na tangu hapo likizima, alimwita Kimya kwanza, mumewe baadaye. Alisimama kando ya barabara akijifanya anakaza hiki na kile, huku mkono wake uko mfukoni. Kimya akishafika, alisogeza simu kwenye boneti ya pikapu inayounguruma na kusema, "Sikiliza, limewaka." Mume alisikiliza mlio hadi mwisho, halafu akasema vizuri, waende salama. Kimya peke yake ndiye aliyeona jambo hilo linachekesha. Mama Vioo alihisi kama mtu anayejifungia mlango kwa ndani kisha anautupa ufunguo dirishani.

Halafu mume akapokea kazi. Shule moja ya bweni, mbali nje ya mji, ilipiga simu nyumbani ikitaka vioo vya madirisha ya mabweni. Msimamizi aliuliza kama wana usafiri wao. Mume, kwa fahari, akasema wanalo gari, na siku hizi halina neno. Alipomweleza mkewe macho yake yalikuwa yanang'aa. Angekataaje? Angesema gari haliwezi safari ile, wakati ni yeye mwenyewe aliyemwambia kila mara kwamba limewaka?

Siku ya kwenda, Kimya alikuwa amekwenda kuhamisha mizigo ya watu mji mwingine. Wakapakia kwenye gari, wakaondoka. Mama Vioo aliendesha kwa shingo iliyokakamaa, akisikiliza kila mlio. Walipita nyumba za mwisho, wakapita machimbo ya kokoto, wakaanza kuteremka bonde refu. Hapo injini ikakata. Breki zikawa nzito kama jiwe. Alizikanyaga kwa miguu yote miwili, mdogo wake akavuta hendibreki, gari likayumba na kusimama ukingoni mwa mtaro. Nyuma yao fremu ya mbao ikalia mara moja, ikaachia, na vioo vyote vikamwagika.

Hakuna aliyeumia. Walikaa wakisikiliza vipande vya mwisho vikiteleza. Mlango wa ubavuni ulikuwa umebanwa kwa ndani, haufunguki. Pande zote mbili za barabara hapakuwa na mtu.

Simu ikaita. Alikuwa mumewe, anataka kujua wamefika wapi.

"Limezima," Mama Vioo akasema. "Vioo vimevunjika vyote."

"Weka simu karibu na injini."

"Siweki. Sikiliza, mume wangu. Siku ile mlimani haukuwa waya wa starta. Na zile siku nyingine zote, gari halikuwaka. Nilikuwa namwita Kimya. Nimekudanganya."

Akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Pikapu yake ni ya dizeli," mume akasema. "Unadhani mimi siijui sauti ya gari langu?"

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeliuza. Ukishaliuza, mimi utanipigia simu ya nini?"

Mdogo wake alikuwa amegeuzia uso wake kioo cha mlango, akilia taratibu. Mwishowe mume akauliza kama wamekatwa na vioo. Akaambiwa hapana. Akasema wasiguse kitu hadi msaada ufike, na wasikae ndani ya gari, wasimame mbali na barabara.

Shule iliwapa kazi watu wengine. Gari lilivutwa hadi nyumbani, likasukumwa uani chini ya dirisha la mume. Fundi wa gereji alilipekua, akasema linaweza kuwaka lakini lisipewe safari tena. Siku hizi Mama Vioo anakwenda kazini kwa pikapu, na Kimya anaongea njia nzima. Kazi zimerudi moja moja. Simu yake haiiti mchana. Wakati mwingine huitoa mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Gari hawakuuza. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mnyororo wake mkononi; Mama Vioo akatazama dirishani, akamwambia arudi siku nyingine. Alirudi, akaambiwa hivyo hivyo, akachoka.

Kila asubuhi, kabla hajatoka, mume humwomba aliwashe ili betri isife. Mama Vioo hupanda, hukaa nyuma ya usukani, huzungusha ufunguo. Injini hukohoa, hushika. Dirishani mume hufumba macho na kuinamisha kichwa, anasikiliza. "Ongeza mafuta kidogo," humwambia. "Punguza. Iache hapo hapo." Kimya yuko nje getini anapiga honi, wateja wanangoja, na yeye bado amekaa, mguu uko juu ya pedeli, anautazama ukuta wa jirani kupitia kioo cha mbele, hadi mumewe aseme inatosha.