Mzee Aliyesema Kisima ni Chetu

Nilifika Isiolo akko akiwa ameshazikwa. Sisi Waislamu hatucheleweshi maiti, na ninakoishi siku hizi ni mbali, kwa hiyo nilikuta mikeka, chupa za chai, na wanawake walionisogezea nafasi. Akko ni nyanya kwa Kiborana. Sikuwahi kumwita jina jingine, maana yeye ndiye aliyenilea tangu mama aliponitoa Merti nije nisome mjini.

Kesho yake nilitoka kunyoosha miguu. Upepo wa Isiolo unaujua, rafiki yangu, ule unaokutia mchanga kwenye meno hata ukifumba mdomo. Nikapita nyuma ya shule yetu ya zamani, na kupitia dirishani nikasikia darasa zima likiimba pamoja kwa Kiingereza: he said that he was tired, she said that she was going home. Niliegemea ukuta kidogo. Ungedhani nitatabasamu. Niliondoka kabla hawajamaliza.

Enzi zangu, asubuhi ilianza kwa moshi. Akko alikuwa akichoma vijiti vya mti wa porini na kufukiza gorfa, kile chombo cha kusukwa cha maziwa, mpaka maziwa ya ngamia yakitiwa humo yanakuwa na ladha ya moto. Tulikunywa chai ya maziwa hayo na anjera, mikate yetu myembamba ya chachu, kisha kabla ya shule mimi na watoto wa mtaa tunaswaga punda kwenda kuteka maji kwenye kisima cha mashine kilichokuwa karibu na ua wa shule. Kwenye foleni ile ulisikia Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kimeru, na Kiswahili kilichovunjwavunjwa na kila mtu kwa namna yake. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Maji yalipatikana, na mitungi ilijaa.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitoka mlimani, upande wa Meru. Alikuwa mwembamba, na sweta yake ya kijani hakuivua hata jua likiwaka. Alipanga chumba nyuma ya duka la jirani yetu, mwanamume mwenye tumbo na sauti kubwa ambaye mtaa mzima ulinunua sukari kwake. Jioni ungewakuta wawili hao wamekaa nje ya duka, mwenye duka akisimulia bei za mbuzi sokoni, mwalimu akicheka.

Alipofika kwenye somo la kutaja maneno ya mtu mwingine, mwalimu alikuwa kama mtu aliyepewa sikukuu. Alituambia kwamba neno said ni la wavivu. Mtu hasemi tu, alieleza: mtu hunong'ona, huomba, huonya, hukana, hujisifu, huahidi, na Kiingereza kina neno kwa kila moja. Akatuita mbele tuigize. Mwenzangu wa dawati, msichana wa Merti kama mimi, alipewa kuomba. Alipiga magoti kwenye vumbi la darasa akamwomba mwalimu asimchinje mbuzi wake wa pekee, kwa Kiingereza cha kuokoteza, mpaka tukasahau kwamba hakuna mbuzi. Mwalimu alivua miwani akapangusa macho. Hata wavulana wa nyuma, ambao kazi yao ilikuwa kuchonga madawati, waliacha kuchonga.

Jioni, tukichagua mawe kwenye mchele, nilimweleza akko kwamba kwa Kiingereza, ukirudia maneno ya mtu, mimi inageuka yeye, hapa inageuka pale, na leo inageuka siku ile. Alifikiri kidogo, kisha akasema hiyo ni haki. Maneno ya mtu usiyavae kama shuka lako.

Kisha mvua ikakosa kuja. Watu wa Sericho na Merti wakaanza kuingia mjini na mifugo iliyobaki mifupa, na foleni ya kisima ikafika barabarani. Mashine ikawa inazimika. Uvumi ukaanza kwamba kuna watu wa mlimani wanataka kukichukua kisima wakizungushie ua. Nani alisema? Watu walisema. Foleni ikaanza kujitenga kwa makabila, na Wameru waliokuwa wakiteka pamoja nasi wakaanza kuja saa ambazo sisi hatupo.

Ni katika wiki hizo mwalimu aliandika sentensi ubaoni. Sidhani alikuwa na nia yoyote. Kisima tulikiona dirishani, naye kila mara alichukua mifano kwenye vitu tunavyoviona. Aliandika kwamba mzee mmoja alisema, “This well is ours,” akatutaka tugeuze. Tuligeuza: mzee alisema kwamba kisima kile kilikuwa chao. Tuliiimba sentensi ile hadi kengele ikalia, na tukaondoka tukiiimba mpaka kisimani.

Pale kisimani mtu mzima alimuuliza mtoto tunaimba nini. Mtoto gani, sijui mpaka leo. Tulikuwa wengi, na kila mmoja wetu alitaka kuonyesha Kiingereza chake. Ninachojua ni kwamba kabla ya swala ya magharibi mtaa mzima ulikuwa ukisema mwalimu wa mlimani amewafundisha watoto wetu kwamba kisima ni cha watu wake.

Asubuhi wanaume walijaa darasani kwetu. Walikalia madawati yetu, magoti yakiwafika kifuani. Mwalimu mkuu alisimama karibu na mlango. Wanawake hawakuitwa, lakini akko alinishika mkono akaingia nami, akasalimu, akasema mjukuu wake alikuwepo wakati ule na atasema alichosikia.

Nilisema. Nilieleza yote kwa mpangilio: kwamba mwalimu hakusema kisima ni chao, kwamba aliandika maneno ya mzee fulani, na sisi tukayageuza kama somo linavyotaka.

Mwenye duka, jirani yetu, aliyekuwa akikaa na mwalimu kila jioni, alinigeukia.

“Mzee yupi? Mtaje.”

Nikamtazama mwalimu. Watu wote wakamtazama.

“Hakuna mzee,” mwalimu alisema. “Ni mfano tu. Ni wa kufundishia.”

“Hakuna mzee,” mwenye duka alirudia, polepole, akiwaangalia wenzake. “Basi kama hakuna mzee, aliyesema ni wewe.”

Nakwambia, rafiki, nimesoma mengi baada ya siku ile, na sijapata kuona mtu akifungiwa mlango namna ile. Akko alijaribu kusema kwamba mtu huyu amewafundisha watoto wao kwa miaka na hakuna siku aliyowatukana. Mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba mambo ya kisima ni ya wanaume. Mwalimu mkuu alitazama nje.

Hawakumpiga, na watu wa mtaa walijisifia hilo baadaye. Lakini jioni ile mawe yalianguka kwenye bati la chumba chake, moja baada ya jingine, na sisi ndani tulisikia kila moja. Mwenye duka hakutoka. Akko alitaka kutoka, mjomba wangu, tuliyekaa naye, akasimama mlangoni. Kulipokucha, mwalimu alipakia godoro na sanduku kwenye lori lililokuwa limeshusha mbuzi sokoni. Tulimwona kutoka foleni ya maji. Mwenzangu wa dawati alimpungia mkono. Mwalimu alikuwa amegeuzia uso upande mwingine.

Hatukupata mwalimu mwingine wa Kiingereza mwaka ule. Kipindi kilipofika tulipelekwa kufagia uwanja. Mtihani ulipokuja, mwenzangu, yule aliyemtoa mwalimu machozi kwa mbuzi asiyekuwepo, alianguka Kiingereza vibaya. Babake alikuja na lori la Merti kumchukua, na kabla mvua hazijanyesha vizuri alikuwa mke wa mtu. Mimi niliponea kwa shangazi aliyenichukua kwake Nairobi nikarudie darasa huko. Naye angeweza kufaulu akipewa nafasi ya pili. Alikuwa na kipawa kuliko mimi.

Mwalimu nilikuja kumwona tena nikiwa mtu mzima, Meru mjini, katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilimtambua kwa jinsi alivyovua miwani. Nikamsalimu kwa Kiingereza, kwa heshima, nikamwambia mimi ni nani. Alinijibu kwa Kiswahili. Alisema aliacha ualimu mwaka uleule, kwamba kila aliposhika chaki aliona watu wakisubiri atakosea. Akaniuliza habari za akko. Kisha akamuulizia yule msichana wa kuomba.

Nikamwambia.

Alikuwa akimpimia mteja misumari. Aliacha mizani ikatulia yenyewe.

“Yule angekuwa mwalimu,” alisema, na hakunitazama tena.

Sasa nilikuwa nimerudi, na akko hayupo. Foleni haipo pia. Kisima kilikauka zamani, mahali pake pana jengo la ghorofa lenye duka la simu chini. Watoto wa mtaa wanasema Sheng. Sikuona gorfa hata moja ndani ya nyumba. Maziwa ya matanga yalitoka kwenye pakiti.

Jioni wanaume walikuja kutoa pole, mwenye duka akiwa mmoja wao, tumbo limeisha, mkongojo mkononi. Nilimpelekea chai mwenyewe. Aliposikia mimi ndiye mjukuu niliyesoma, alifurahi kwelikweli. Alinishika mkono, akawaambia waliokaa naye kwamba shule yetu ilikuwa shule zamani, kwamba palikuwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza ambaye hapajapata kuwa na mfano wake, rafiki yake, mpangaji wake.

“Sijui alienda wapi yule,” alisema. “Walimu wazuri hawakai huku kwetu.”

Nilimwambia alifukuzwa. Nilimwambia walimfukuza wao, katika darasa letu, na yeye ndiye aliyesema neno la mwisho.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mfiwa aliyechanganyikiwa. Akasema hakumbuki jambo kama hilo, huenda nililisikia kwa watu. Wengine wakatikisa vichwa. Nikasahau, nikageuka kuelekea kwenye mkeka ambao akko alizoea kukalia, nimpate aseme alichokiona. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa ukutani.