Posa Yangu Ndani ya Chumba cha Mahindi

Nichekeni kabisa sasa hivi mmalize, maana nikishaanza kusimulia sitaki mtu wa kunikatisha. Mimi ndiye yule binti wa Mkata aliyesikika akimfokea mzee wa watu katikati ya posa yake mwenyewe, na wala sikusingiziwa, sauti ilikuwa yangu, maneno yalikuwa yangu, na hata ile kompyuta iliyoyafikisha maneno hayo Korogwe na Dar es Salaam kwa mpigo mmoja ilikuwa yangu, imekaa chini ya meza dukani inapepewa na feni kuliko ninavyopepewa mimi.

Naitwa Zaina. Nina duka la simu pale Mkata, kando ya barabara kuu, natengeneza vioo, nauza chaja, na nikipata nafasi nachezea kompyuta. Hiyo kompyuta ya chini ya meza niliigeuza seva ya maongezi, yaani inakaa imewashwa mchana kutwa, mtu yeyote mwenye simu ya kupangusa anaingia, anaongea na wote waliomo kama vile wamekaa chumba kimoja, na bando haliliwi sana, inafaa kwa watu wa mtandao dhaifu kama sisi. Niliwaanzishia wauza mahindi. Wa Mkata, wa Sindeni na wa Segera wakawa wanaingia kila Jumamosi kupeana habari za bei na malori badala ya kila mmoja kumpigia simu mwenzake.

Shida ilikuwa anwani. Ili uingie ilibidi uandike namba ndefu iliyokatwakatwa kwa nukta, kisha namba nyingine ya mlango, na umeme ukikatika (na umeme wetu mnaujua) ukirudi namba zimebadilika, aliyezikariri anabaki nje anabonyeza. Nilimkuta Mzee Mhando, mfanyabiashara wa mahindi wa Segera, kaandika namba zangu kiganjani kwa kalamu na jasho limezifuta nusu, akaniambia, "Mwanangu, hiki chumba chako ni kizuri, ila mlango wake umeuficha."

Neno lile liliniuma. Nikaapa mlango utaonekana. Nikahangaika mpaka nikaisajili anwani ya jina, njoomkata, halafu nukta na zile herufi za Tanzania mwishoni, nikaiunganisha na seva ili namba zibadilike zitakavyo, jina libaki palepale. Kisha nikaifundisha. Nilipaka ukutani kwa rangi nyekundu, niliwafundisha wauza korosho wa stendi wakawa wanaimba wakikimbilia mabasi, nilipanda gari mpaka Segera kumfundisha mtu mmoja mmoja, nikisema sitoki hapa mpaka unitajie bila kuangalia. Nikajirekodi sauti pia. Mtu akiingia anasikia mimi nasema, kwa furaha kubwa, "Karibu Mkata!" na akitoka, "Kwaheri, karibu tena Mkata!" Nilijiona nimemaliza kila kitu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Bakari ni kijana wa Korogwe, anauza vipuri vya pikipiki, na mimi nampenda, sitazunguka. Amelelewa na shangazi yake, Bi Hadija, na kwa Bakari neno la Bi Hadija ndilo la mwisho. Bi Hadija alikuwa na mashaka mawili juu yangu. La kwanza, alisikia nina mdomo. La pili, alitaka nikiolewa nifunge duka nikakae Korogwe nyumbani kwake. Bakari aliniambia, "Posa ipite kwanza, habari ya duka tutambembeleza taratibu." Nikakubali, ingawa moyoni nilishajua duka silifungi.

Upande wetu baba yangu alishafariki, wa kupokea posa ni baba mkubwa, na baba mkubwa alikuwa Dar es Salaam kwa mwanawe anatibiwa macho, daktari kamkataza safari. Mama yuko Sindeni. Mshenga yuko Korogwe na Bi Hadija. Kusubiri macho yapone ilikuwa kusubiri mpaka shangazi abadili nia, kwa hiyo nikatoa wazo, nikampitishia mama alitoe kama lake (binti hapangi posa yake, hilo nalijua), kwamba wazee wakutane kwenye seva.

Na hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, dogo kabisa. Ningeweza kutengeneza chumba kingine chenye neno la siri. Nilikaa nikafikiria, baba mkubwa macho yamefungwa bandeji, neno la siri ataandikiwa na wajukuu, watakosea, atakasirika, posa itaharibika. Lakini njoomkata hata yeye alikuwa anaijua kwa kichwa. Nikasema tutumie ileile, tena tuweke Ijumaa baada ya sala, wauza mahindi siku yao ni Jumamosi, chumba kitakuwa kitupu. Mimi nitakaa dukani nimefunga mlango, nimevaa spika za masikioni, nasikiliza mitambo tu, sitatoa hata pumzi.

Ijumaa ikafika. Kikao kilianza vizuri mpaka nikawa natabasamu peke yangu gizani. Mshenga akapiga hodi, baba mkubwa akakaribisha, shikamoo zikapita, wakaulizana habari za mvua na za nyumbani, mama akaitikia kwa sauti ya adabu ambayo mimi hanisemeshi nayo.

Basi Mungu akaleta malori. Siku hiyohiyo, bila taarifa, malori ya wanunuzi yaliingia Mkata yanataka mahindi, na kila mwenye gunia lake akakumbuka chumba.

"Karibu Mkata!" ikasema sauti yangu. Kisha sauti ya Mzee Mhando, "Hodi wenyewe! Shikamooni wazee!"

"Marahaba, karibu sana ndani," akasema baba mkubwa, akidhani ni mtu wa upande wa Bakari.

"Karibu mzee wetu, keti," akasema mshenga, akidhani ni mtu wa upande wetu.

Mnaona? Mgeni aliyepiga hodi akakaribishwa, nani atamuuliza ametumwa na nani? Wakaingia wa Sindeni, wakaingia wa Segera, akaingia Mama Selina wa zile kambi za zamani za mkonge, kila mmoja na hodi yake, kila mmoja anasalimia kuanzia mkubwa, na wazee wangu wanaitikia wote, na baada ya kuitikia wanaanza kuulizana habari upya. Bi Hadija akasikika akimnong'oneza mshenga, "Ukoo wao ni mkubwa, mashallah."

Nikaanza kuwatoa. Kwenye kompyuta kuna kitufe, unamgusa mtu anatoka. Nikamgusa Mzee Mhando. "Kwaheri, karibu tena Mkata!" Kabla sijavuta hata pumzi, "Karibu Mkata!", karudi. "Samahanini jamani, netiweki." Nikamtoa wa Sindeni, akarudi. Nikamtoa Mama Selina, akarudi anacheka. Enzi za zile namba ndefu mtu akitoka ndiyo basi, anakata tamaa. Sasa nilishawafundisha wote bila kuangalia, tena kwa nauli yangu, hakuna aliyekuwa anasahau. Kitufe nakibonyeza kama mtu anayeponda kunguni, na wanarudi, na kila anayerudi anapiga hodi upya.

Baba mkubwa akashtuka. "Mbona wageni wanatokatoka? Nani anawafukuza wageni kwetu?"

Nikaacha kubonyeza. Jasho likanitoka.

Mshenga, mtu mzima mwenye subira, akaendelea. Akasema wameleta neno juu ya binti yetu Zaina. Na Mama Selina, ambaye sasa alishaelewa yuko wapi na akaona si vizuri kukaa posani bila kuchangia, akasema, "Zaina wa duka la simu? Huyo chukueni bila wasiwasi. Ana mdomo, lakini kazi anaijua."

"Ana mdomo?" akauliza Bi Hadija.

"Hapana, hapana," akasema baba mkubwa haraka. "Binti yetu mpole. Huyu hata majirani hawaijui sauti yake."

Wakati huohuo Mzee Mhando, ambaye alikuwa amesimama mashineni na kinu kinasaga nyuma yake, akafungua maiki, chumba kizima kikawa kishindo, na juu ya kishindo hicho akawa anapiga kelele, "Jamani wa Mkata, malori mangapi? Wanachukua mahindi ya njano? Nasema, ya njano wanachukua?" Mshenga akanyamaza. Baba mkubwa anasema "Allo? Allo?" Mama anasema "Subhanallah." Nikaona posa yangu inasagwa pamoja na mahindi, na mimi hapo sikuwa na akili tena, nilikuwa na hasira peke yake, nikawasha maiki.

"Mzee Mhando! Zima hiyo maiki na utoke humo! Hii ni posa, siyo soko la mahindi! Nakutoa unarudi, nakutoa unarudi, huoni watu wazima wanaongea?"

Kinu kikazimwa.

"Ah, Zaina," akasema Mzee Mhando kwa upole. "Kumbe uko humu. Hongera mwanangu, sikujua."

Bi Hadija akauliza polepole, "Huyo ndiye binti?"

Nilisikia baba mkubwa akivuta pumzi. Ningeweza kuzima kila kitu nikasingizia umeme (mpaka leo mama anasema ningezima), lakini nilijiona nimeshaloa, na kama naachwa, basi niachwe kwa maneno yangu ya kweli. Nikasema, "Shikamoo shangazi. Ndiye mimi. Bakari namtaka, na wewe nitakutunza kama mama. Lakini duka sitalifunga."

"Kwaheri, karibu tena Mkata!" Hiyo ilikuwa Bi Hadija anatoka. "Kwaheri, karibu tena Mkata!" Huyo mshenga. Wakafuata wengine wa Korogwe mmoja baada ya mwingine, na kila anayeondoka na heshima yangu nasikia sauti yangu mwenyewe inamuaga kwa furaha.

Sitawasimulia simu niliyopigiwa na baba mkubwa. Mama alikaa Sindeni hataki hata salamu yangu, akituma mtu aniambie nisihangaike kwenda. Stendi nzima ikajua, nikipita kuna kijana lazima aseme, "Hodi wenyewe!" na wenzake wanaanguka kicheko. Bakari alikuja, akakaa kwenye benchi la duka, akasema shangazi hataki kuzungumza chochote, si ndiyo wala si hapana, na yeye hawezi kumpita. Alipoondoka nililia, tena nililia vibaya. Halafu nikanawa uso, nikatengeneza chumba cha pili chenye kufuli, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo. Watu waliniambia niifute ile anwani, aibu ipungue. Sikuifuta. Niliitafuta kwa shida, wazee wanaitegemea, na aibu ilikuwa yangu mimi, anwani haikukosa kitu.

Jumamosi zikapita. Jumamosi moja chumba kimejaa, wanabishana juu ya magunia, ikalia "Karibu Mkata!" na sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, "Hodi."

Niliitambua kabla hajamaliza. Niliangusha bisibisi.

"Karibu mama," wakasema wauza mahindi, kama kawaida yao.

"Mimi ni Bi Hadija wa Korogwe," akasema. "Nimejaribu kuisahau hii anwani yenu, imekataa kutoka kichwani. Nasikia wauza korosho wanaiimba mpaka kwetu. Huyo binti mwenye mdomo yupo?"

Nikasema kwa shida, "Nipo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Nilikasirika sana siku ile. Nikalala na hasira yangu, nikaamka nayo. Halafu nikaona, ndugu zake Bakari kwenye kikao huwa wanaongea wote kwa pamoja, hakuna wa kuwazima, na mimi nazeeka. Duka usifunge. Ila kwangu utakuja kila Ijumaa baada ya sala, na simu yangu utanitengenezea bure. Baba yako mkubwa nimeshaongea naye jana, kasema nikuulize mwenyewe kwa kuwa kunyamaza hujui. Haya, mbele ya hawa mashahidi wako wa mahindi, unamkubali Bakari?"

Mnajua mila yetu, binti akiulizwa hivyo akanyamaza, amekubali. Na mimi wallahi sikunyamaza kwa mila. Nilifungua mdomo na sauti haikuja. Machozi yalikuja, makamasi yalikuja, sauti hapana. Nimeshika maiki inawaka, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sina la kusema, na wauza mahindi wote kimya, hata kinu cha Segera kimezimwa.

Mwisho Mzee Mhando akakohoa.

"Amenyamaza, jamani," akasema. "Sote tumesikia."

Basi, niliolewa, na duka liko palepale, na anwani ni ileile ukutani kwa rangi nyekundu. Lakini nina mdogo wangu, Mwanaidi, na nimeshaapa mbele ya mama: siku yake ikifika, watu watakuja Sindeni kwa miguu yao, watavua viatu mlangoni, na mlango huo nitaufunga mimi mwenyewe kwa komeo, kisha nitakwenda kukaa jikoni, mbali na kitu chochote chenye maiki.