Ulikula kwa Nani?

Mtu akimletea Nazdana habari yoyote, hata ya paka aliyetumbukia kisimani, jambo la kwanza alilouliza lilikuwa, "Ulikula kwa nani?" Alimuuliza muuza maziwa, alimuuliza imamu, alimuuliza kaka yake aliyerudi posani akiwasifu wazazi wa binti mpaka jasho likamtoka. Hakuiacha tabia hiyo hata vita vilipoingia Kabul na habari zikawa nyingi kuliko mkate.

Alishona mafarishi ya pamba, yale mablanketi mazito ya kujifunika. Sindano mkononi, chai ya kijani pembeni, redio dirishani, na jioni nzima akibishana nayo kana kwamba mtangazaji amevua viatu mlangoni akaingia. Aliyemkera kuliko wote ni mwandishi wa vita, Turyalai, mwenye sauti nzito tamu iliyowafanya wanawake wa mtaa ule waunguze vyungu. Kwa Turyalai, kila mpiganaji wa Kamanda Bostan alikuwa simba, na kila aliyekimbia alikuwa wa upande wa pili.

"Huyo kashashiba pilau ya Bostan," Nazdana husema. "Sikiliza anavyomeza mate akimtaja."

"Shangazi, mwenzio yuko kwenye risasi!" Palwasha, binti wa kaka yake, humtetea. "Wewe uko hapa na pamba kwenye nywele."

"Kuwepo yupo, mama. Lakini kasimama upande gani wa bunduki?"

Wapinzani wa Bostan nao hakuwaacha. Redio yao ilipotangaza kwamba Bostan ameuawa, alicheka mpaka akajichoma sindano. "Kafa tena? Jamaa ana roho ya paka!" Kipimo chake kilikuwa kimoja: mtu mwenye upande wake, Nazdana alimsadiki siku ile tu aliposema jambo linalomuuma mwenyewe.

Mwaka ule Palwasha alikuwa akikaa kwake na mtoto mchanga, Yama. Mumewe, Samandar, fundi wa pampu za maji, alikwama Jalalabad barabara ilipofungwa, na mwanawe alikuwa bado hajamtia machoni. Basi majira ya zabibu Turyalai akatangaza kwamba barabara imefunguka, mabasi yanapita salama. Palwasha akaanza kukunja nguo za mtoto.

"Zikunjue," alisema Nazdana. "Katutajia bustani ya Bostan, chai ya Bostan, farasi wa Bostan. Abiria je? Hata mmoja hajafungua kinywa. Siku nikimsikia abiria, mzigo wako nitaubeba mimi."

Palwasha alinuna, lakini nguo alizikunjua. Alizijua familia zilizofuata sauti tamu zisifike zilikokwenda.

Siku chache baadaye Turyalai alisikika kutoka ndani ya basi lenyewe la Jalalabad, likikaribia Kabul. Injini inanguruma, watoto wanalia. Kabla hajamaliza kumsifu Kamanda, bibi mmoja akamdakia: "Wataje na hao mbwa wa Bostan! Wametushusha wote, wamenichukulia jogoo wangu, ndipo wakatuachia tupite!" Turyalai akakohoa. Halafu, kwa sauti ambayo haikuwa tamu hata kidogo, akasema kwamba saa yake nayo imebaki kwenye kizuizi cha barabarani, mikononi mwa hao hao.

Nazdana akanyoosha mkono akazima redio. "Uongo mtupu."

"Shangazi! Abiria si huyo kasema?"

"Bibi wa kupangwa."

"Na jogoo naye kapangwa? Bostan katukanwa mbele ya rafiki yake, na rafiki mwenyewe kaibiwa. Ulitaka limuume vipi tena?" Kisha, nusu kwa utani, Palwasha akauliza, "Na wewe, shangazi, umekula kwa nani?"

Sindano ikasimama. Nazdana alimtazama Yama, aliyelala kwenye lundo la pamba. Tangu afiwe na mume, nyumba ile ilikuwa kimya mno. Redio aliinunua ili apate wa kugombana naye. Tangu hawa wawili wafike, kuna siku alisahau kuiwasha.

"Kwako," alisema hatimaye. "Kila siku nakula cha mkono wako. Basi ushahidi wangu haufai." Akavuta sindano. "Lete hizo nguo, wewe unakunja kama unasokota kamba."

Kesho yake kituoni alimhoji dereva wa basi la Jalalabad, kisha abiria waliotoka huko, mmoja mmoja, walikula wapi na kwa nani, mpaka dereva akamuuliza kama yeye ni mpelelezi wa serikali. Mzigo aliubeba mwenyewe hadi mlangoni mwa basi. Yama alikuwa amefungwa kwenye farishi dogo alilolimaliza alfajiri.

Palwasha akachungulia dirishani, macho mekundu. "Nikifika tu nitamtuma dereva akuletee salamu, ujue tuko salama."

"Usimtume mtu," alisema Nazdana, akitembea sambamba na basi lililokwisha kuondoka. "Atakuwa amekula kwako, mimi nitamwaminije? Njoo mwenyewe."