Mshale Mmoja, Mikono Miwili

Mie hasira zangu ziko puani, na nyumbani kwetu Goba wanalijua hilo hadi kuku. Ila hizi za mwezi uliopita zimeniumbua. Kila nikizikumbuka, uso unawaka.

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya kompyuta. Shule moja ya Chanika iliniita kwa sababu kompyuta za ofisini zilikuwa zimechoka. Nikawawekea seva, kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine, na ndani yake nikatengeneza mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na boksi lake: unaiona kwenye dirisha la skrini tu, na unaweza kuiendesha hata ukiwa mbali. Aliyetakiwa kuitumia ni karani wao, mzee wa watu kutoka Mtwara, mpole hadi unamwonea huruma. Mkuu wa shule alishamwambia wazi: akiuendesha mfumo mbele ya walimu, anabaki mezani kwake. Akishindwa, anahamia stoo ya vitabu.

Basi tukafundishana. Herufi zilimsumbua macho, nikalipanua dirisha likajaa skrini nzima. Halafu mashine ilikuwa inapokea mtu mmoja tu. Akiingia wa pili, wa kwanza anatupwa nje. Nikaipanga upya ikubali wawili kwa pamoja, wote tuone picha moja na tushike mshale mmoja wa kipanya. Hilo aliliomba mwenyewe.

“Mwanangu, siku hiyo uwepo, hata hukohuko kwako. Nikijua upo sitatetemeka.”

“Nitakuwepo, baba.”

Siku yenyewe tulikubaliana waanze baada ya chai. Niliingia mapema niweke mambo sawa, na mwenzangu wa kazini naye akawa anajitosa kwenye skrini hiyohiyo bila hodi, anavuruga ninachopanga. Nikampigia simu, nikamfokea, akatoka. Nilikuwa bado nafuka.

Mara mshale ukaanza kutangatanga. Unakwenda kwenye menyu, unarudi, unafungua kisichotakiwa. Huyu tena! Nikafungua ukurasa wa kuandikia humohumo, nikamwaga: “We, toa mikono yako hapo! Kama kompyuta imekushinda nenda kauze karanga. Unaniharibia kazi, zuzu mkubwa!”

Mshale ukasimama. Chini ya maneno yangu zikaanza kutokea herufi, inakuja moja, inakaa, inakuja nyingine.

“Ni mie baba yako. Samahani mwanangu.”

Yesu wangu! Simu ikaita. Alikuwa mwalimu wa kompyuta wa palepale shuleni, ananong’ona.

“Dada, umefanya nini? Tumeanza mapema, mkuu ana safari. Projekta imewaka, maneno yako yapo ukutani, walimu wote wanasoma.”

Nikayafuta. Nikaandika kwamba nilidhani ni mtu mwingine, lakini nani angenielewa? Nikausogeza mshale taratibu hadi pa kubonyeza, nimwonyeshe, nikauacha pale, nikasubiri. Wapi! Hakuna mkono uliougusa. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze mzimamzima.

Kesho yake nikaenda Chanika. Meza yake alikuwa ameikalia dada mmoja, akanielekeza stoo. Nikamkuta mzee anapanga vitabu vya kidato cha kwanza. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?”

Hapo ndipo machozi yakanitoka. Nikaomba radhi, nikasema nakwenda kwa mkuu sasa hivi kumweleza kosa ni langu. Akaniinua, akasema nisijisumbue, mwenzake ameshakabidhiwa funguo. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Bora angenitukana.

“Ila nikuulize kitu,” akasema, huku anapangusa kitabu ambacho kilikuwa safi tayari. “Walivyokuwa wanacheka, wewe kule kwako ulisikia?”

“Hapana, baba. Niliunganisha picha tu, sauti sikuweka.”

“Afadhali,” akasema.