Siku Niliyoipoza Ndege kwa Barafu ya Samaki

Chekeni mapema mmalize, maana najua nusu yake mmeshaisikia sokoni: ndiyo, mimi ndiye yule mwanaume wa Nchelenge aliyeanguka mapajani mwa mama mkwe wake, mchana kweupe, mbele ya majirani, akiwa amekumbatia samaki. Sikatai. Ila ninyi mliosimuliwa na jirani yangu Bana Mulenga (mama ambaye hajawahi kusimulia jambo bila kulitia chumvi) hamkuambiwa mwisho wake, na mwisho wake ni kwamba nilishinda, kwa hiyo kaeni niwaambie mwenyewe.

Mimi navusha vitenge na chumvi kutoka Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na starehe yangu ni moja tu, kompyuta ya mezani niliyoinunua kuukuu, yenye mchezo wa kurusha ndege juu ya ramani ya dunia ya kweli, na ziwa letu limo. Mtaani wananiita Pilote, na si kwa heshima, kwa sababu kila nikiikaribia Kabuta, hapo kaskazini mwetu ufukoni, picha inakwama, ndege inaning'inia hewani kama shati kwenye kamba, na wanaochungulia dirishani wanapiga makofi. Nilijaribu kila dawa. Nilifungua ubavu wa mashine nikatoa vumbi, nikaongeza memori, nikafunga programu zote zinazojificha zikila nguvu, nikazima vivuli, nikapunguza mawingu, mwisho nikaondoa hata miti, nchi nzima ikawa kipara, na bado inakwama! Ndipo siku moja nikaweka kiganja ubavuni mwake nikakiondoa upesi. Kumbe mashine ikizidiwa na joto inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na yangu ilikuwa inachemka kila siku.

Ningengoja msimu wa baridi, kama si mama mkwe. Mama Ngoie anakaa kambi ya wakimbizi ya Mantapala tangu alipokimbia vita kwao karibu na Pweto, kule kaskazini ambako mto unatoka ziwani, na hajarudi tena. Mke wangu, Mama Gracia, akamwambia kwamba mumewe ana mashine inayoonyesha ziwa lote kutoka juu, na yule mama akajibu kwamba atakuja Jumapili baada ya ibada, aone kwao mara moja tu kabla macho hayajamwisha (jicho moja lilikuwa limeshaanza kuingia ukungu). Sasa niambieni, mtu kama huyo ungemjibu nini? Kwamba ndege inakwama Kabuta?

Na mjue kwetu mkwe ni mkwe. Simshiki mkono, simtazami usoni, sili mbele yake, na tukiwa na neno tunalipitisha kwa mke wangu, hata tukiwa tumekaa chumba kimoja. Miaka yote ya ndoa yangu alikuwa hajaniambia neno hata moja.

Basi, Mama Gracia anauza samaki wabichi, na nyumbani lipo sanduku lake kubwa la barafu. Jumapili ile, wao wakiwa kanisani, nililitazama sanduku, nikaitazama mashine, nikajiona nimezaliwa na akili. Nikalisukuma sanduku chini ya meza, nikatandika nailoni juu ya barafu, nikaikalisha mashine hapo, ubavu wazi, feni yake ivute ubaridi, nikajaribu. Ndege iliteleza! Nikarudisha mawingu, ikateleza, nikarudisha miti, ikateleza, nikacheza rumba peke yangu sebuleni. Kosa lilikuwa moja tu, dogo: sikuwatoa samaki waliokuwa chini ya ile barafu, maana ningewaweka wapi?

Mama Ngoie aliingia amevaa kitenge chake cha Pasaka, akaketi akitazama ukuta, kama heshima inavyotaka, ila macho yanaibia kwenye kioo cha kompyuta. Bana Mulenga akajikuta amekuja kuazima chumvi, na nyuma yake nusu ya mtaa.

"Uliza bwana yako," mama mkwe akamwambia mke wangu, "hii ndege itafika kweli?"

"Mwambie mama itafika," nikasema.

"Bon. Tuombe kwanza."

Akaomba, ombi refu la safari, akayataja mabawa, akayataja mafuta, akamtaja na pilote, tukaitikia amina. Nikaanzia hewani juu ya maji (uwanja wetu wa ndege mchezo haujui kama upo), nikaelekeza pua kaskazini. Kabuta ikaja, Kabuta ikapita, hakuna kukwama! Niligeuka kuwatazama wale wa dirishani, nikawatazama mmoja mmoja.

Lakini feni, ndugu zangu, haivuti ubaridi peke yake. Inavuta na harufu, halafu inaitoa upande wa pili, moja kwa moja kwenye pua za wageni.

"Mama Gracia, mwanangu," mama mkwe akauliza polepole, "kuko kintu kimeoza mu hii nyumba?"

Mke wangu akanusa, akainama chini ya meza, akaliona sanduku lake.

"Wee baba! Umepandisha mashini juu ya samaki yangu?"

Kabla sijajibu, paka wa mtaa walikuwa wameshaingia. Mmoja akaruka ndani ya sanduku, akachana nailoni, akachomoa samaki mkubwa kuliko yeye, mashine ikainama upande mmoja, nami nikaacha usukani nikamrukia, na kweli nilimpokonya, sema mguu wangu ukakanyaga maji ya barafu.

Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa kimelala kwenye kitenge cha Pasaka, samaki kifuani, na tulikuwa tunatazamana, mimi na mama mkwe, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza maishani.

"Mayo!" akalia Bana Mulenga, akafunika macho huku vidole vimeachana.

Mke wangu aliinamisha kichwa akakataa kukiinua. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, nikatamani ardhi ipasuke, kwa sababu mwiko ule nilikuwa nimeuvunja mbele ya mashahidi. Ndege peke yake, heshima yake, iliendelea kuruka.

Tukalitoa sanduku nje (paka wakalisindikiza), nikaifuta mashine nikaiweka juu ya kiti, nikashika tena usukani kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Tulipokaribia Puta, mbele zaidi kaskazini, joto likarudi. Picha ikaanza kukatikakatika, na dirishani wakaanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Nikasema moyoni, basi, nimemwaibisha bure na kwao hatafika.

Mama Ngoie akasimama. Akaenda jikoni, akarudi na kifuniko cha sufuria, akachuchumaa kando ya mashine, akaanza kuipepea vile anavyopepea mbabula, jiko la makaa, makaa yakiwa mabichi.

"Weye, endesha," akasema.

Nikamtazama mke wangu ili anipitishie lile neno.

"Niko nasema na weye! Soni ilishaisha, ulishalala mu miguu yangu. Endesha, mukwe yangu."

Nikaendesha. Picha ikatulia. Puta ikapita, ufuko ukaanza kukunja kuelekea magharibi, na pale ziwa linapoishia mto ukajitokeza, unang'aa, unaondoka zake.

"Ni ule! Ni mutoni yetu!" Kifuniko hakikusimama. "Shuka kidogo. Zunguka ku kilima. Ni hapa."

Hapakuwa na kitu. Mchezo haukijui kijiji chake, umepaka majani matupu mpaka mlimani.

"Mama," nikamwambia, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, "samahani, hii mashini haijue nyumba zenu."

Akasogeza lile jicho zima karibu na kioo.

"Haizuru," akasema. "Siku nilikimbia, nilitazama nyuma, nikaona moshi tu. Leo hakuna moshi."

Nilizunguka juu ya kile kilima mpaka mkono wa mama ukachoka, mke wangu akampokea kifuniko, tukazunguka tena, na tulipomaliza dirishani walipiga makofi, safari hii ya kweli.

Nilitoa kuku wa kuondoa mwiko, na tulimla pamoja, mama mkwe na mimi, sahani moja. Mashine inanuka samaki mpaka leo ikipata moto, nami nimeapa mbele ya mke wangu kwamba barafu yake sitaigusa tena hata nikiwa na kiu, nikanunua feni ya mezani kama watu wenye akili zao. Ila Jumapili Mama Ngoie akija, ile feni anaizima mwenyewe. Anachukua kifuniko chake, anachuchumaa mahali pake, anasema, "Pilote, twende."